Joto, baridi na miili ya wanyama wa damu baridi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yaliyo hapa hutoka kwa watu wa namna tatu: wafugaji wa samaki walioamka wakakuta sato wanaelea tumbo juu, wanafunzi wa baiolojia, na watu waliomkuta mjusi amekakamaa asubuhi ya Julai wakadhani amekufa. Majibu yameelemea upande wa samaki. Huko ndiko fedha zinakopotea, na huko ndiko madhara ya joto yanakoonekana waziwazi, maana samaki wa bwawani hana pa kukimbilia nje ya maji yaliyomzunguka.

Mnyama wa damu baridi ana damu baridi kweli?

Si lazima. Mjusi wa Mwanza, yule dume mwenye kichwa chekundu na kiwiliwili cha buluu anayeota jua juu ya miamba, saa sita mchana anaweza kuwa na damu yenye joto linalokaribia lako. Tofauti iko kwenye chanzo. Wewe unalitengeneza joto hilo ndani ya mwili kwa kuunguza chakula, na unalilinda usiku na mchana. Yeye analichukua kwenye jua na kwenye mwamba, na jua likizama analiacha lipotee. Kwa sababu hiyo chakula kidogo humtosha muda mrefu, lakini hali ya hewa ikibadilika hana utetezi mkubwa ila kuhama, kujificha, kubadili mkao au kubadili rangi.

Mpaka kati ya makundi haya mawili nao una matundu. Jodari ana mishipa ya damu iliyopangwa sambamba: damu inayotoka kwenye misuli ikiwa na joto huipasha ile inayotoka kwenye matamvua ikiwa baridi, hivyo misuli yake hubaki na joto kuliko bahari anayoogelea. Nyuki mmoja mmoja ni wa damu baridi, lakini kundi zima mzingani hushikilia nyuzi joto 34 hadi 36 mahali palipo na majana. Na yule fuko asiye na manyoya wa Kenya, Ethiopia na Somalia ni mamalia kamili, anayenyonyesha, ila joto la mwili wake hufuata kwa kiasi kikubwa lile la mashimo anamoishi.

Kwa nini nyuzi chache tu zinaleta tofauti kubwa hivyo?

Kwa sababu karibu kila kazi ya mwili ni mmenyuko wa kikemikali unaoendeshwa na vimeng'enya, na menyuko hizo huenda kasi joto linapopanda. Kanuni ya jumla ni kwamba kila joto la mwili likiongezeka kwa nyuzi 10, kasi ya umetaboli, yaani ya mwili kutumia chakula na oksijeni, huongezeka mara 2 hadi 3. Samaki aliyetoka maji ya nyuzi 20 akaingia ya nyuzi 30 anahitaji oksijeni mara mbili au zaidi hata akiwa ametulia tu, hali chakula wala hakimbizwi na mtu. Chatu aliyemeza mawindo siku za joto humeng'enya kwa siku chache. Katika baridi kali huenda akashindwa, nyama ikamwozea tumboni, naye akaitapika.

Ila kasi hiyo haipandi milele. Uwezo wa mnyama wa kukua, kukimbia au kutaga hupanda polepole kadiri joto linavyoongezeka, hufika kileleni, halafu huporomoka ghafla. Kilele hicho kiko karibu na mwisho wa juu kuliko mwisho wa chini. Hapo ndipo penye hatari ambayo wengi hawaioni: mnyama anayestawi vizuri kuliko wakati wowote anaweza kuwa amebakiza nyuzi 4 au 5 tu kabla ya kuanza kuumia.

Ndani ya seli, joto linaharibu nini hasa?

Kwanza tando. Kila seli imezungukwa na utando wa mafuta, na mafuta hubadilika kwa joto. Anayepika na mafuta ya nazi anajua: Tanga yanamiminika, Lushoto mwezi wa Julai unayachota kwa kijiko. Utando ukilegea mno kwa joto huanza kuvuja chumvi. Ukikakamaa kwa baridi, milango ya protini iliyomo haifunguki wala kufungika inavyotakiwa, na mishipa ya fahamu inachelewa kupeleka taarifa. Samaki aliyekaa majuma kadhaa katika maji baridi hurekebisha jambo hili kwa kubadili aina ya mafuta ya tando zake, akiongeza yale yasiyogandika upesi. Akihamishwa ghafla hapati nafasi ya kufanya hivyo.

Pili ni protini. Protini hufanya kazi kutokana na umbo lake lilivyokunjwa, na joto hulikunjua umbo hilo. Mwaka 1962 mtafiti Mwitaliano Ferruccio Ritossa aliandika juu ya jambo alilogundua kwa bahati: joto la kabati alimowatunza nzi wa matunda lilikuwa limepandishwa, na alipozitazama kromosomu zao akakuta sehemu fulani zimevimba kwa kufanya kazi nyingi. Hatimaye ikajulikana kwamba seli, zikipata joto la ghafla, huanza kutengeneza protini maalumu za kushika zile zinazokunjuka na kuzirudisha katika umbo lake. Leo zinaitwa protini za mshtuko wa joto, na zimepatikana karibu kwa kila kiumbe kilichochunguzwa.

Kazi hiyo ina gharama. Nguvu inayotumika kukarabati protini haipatikani tena kwa kukua au kutaga mayai. Ukiona samaki wako wanakula vizuri lakini hawaongezeki uzito miezi ya joto kali, sehemu ya chakula hicho huenda inaishia hapa.

Samaki hufa kwa joto lenyewe au kwa kukosa hewa?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu langu kwa bwawa la kawaida ni: hewa, kabla ya joto.

Tazama hesabu. Maji safi yaliyojaa oksijeni, kwenye usawa wa bahari, huwa na miligramu 9.1 hivi kwa lita yakiwa na nyuzi 20. Yakifika nyuzi 30 hubaki na kama miligramu 7.5. Ukiwa mwinuko wa Ziwa Victoria, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, toa tena kama sehemu moja ya nane, kwa kuwa huko juu mgandamizo wa hewa ni mdogo. Yaani wakati ule ule mwili wa samaki unapodai oksijeni mara mbili, maji yanayompatia yamepunguza. Tena maji ni maskini wa oksijeni hata siku njema: lita moja ya hewa ina oksijeni mara 30 na zaidi ya ile iliyo kwenye lita ya maji.

Samaki hujibu kwa kupumua haraka na kupitisha damu nyingi zaidi kwenye matamvua. Hapo linazuka tatizo jingine. Tamvua linaloruhusu oksijeni nyingi kuingia linaruhusu pia chumvi za mwili kutoka na maji kuingia, kwa sababu ni ngozi ile ile nyembamba. Samaki wa maji yasiyo ya chumvi anayehema sana hupoteza sodiamu na kloridi, na inambidi atumie nguvu, yaani oksijeni tena, kuzirudisha. Homoni ya kotisoli hupanda. Kwa saa chache inamsaidia, maana huachia sukari kwenye damu. Ikikaa juu kwa siku nyingi hudhoofisha kinga ya mwili na kusimamisha uzazi.

Kisha kuna amonia, ile itokayo kwenye kinyesi, kwenye chakula kilichobaki na kwenye matamvua yenyewe. Sumu kali ni ile amonia isiyo na chaji, na kiasi chake hutegemea joto na pH, yaani kipimo cha uchachu au umagadi wa maji. Kwenye pH 8, maji ya nyuzi 20 huwa na asilimia 4 hivi ya amonia yote katika hali hiyo ya sumu. Ya nyuzi 30 huwa na zaidi ya asilimia 7. Bwawa lile lile na uchafu ule ule, sumu imekaribia kuongezeka maradufu.

Wanasayansi wenyewe wanabishana. Mjerumani Hans-Otto Pörtner na wenzake wamejenga hoja kwamba kikomo cha joto cha wanyama wengi wa majini huwekwa na moyo na mfumo wa kupumua kushindwa kufikisha oksijeni ya kutosha. Wapinzani wao wanaonyesha kwamba kwa spishi nyingi, ukiyajaza maji oksijeni ya ziada, kikomo cha juu kabisa hakisogei sana, hivyo lazima kuna kingine kinachoharibika, pengine mishipa ya fahamu au umeme wa moyo. Mimi naona pande zote mbili zina haki yake, kila moja mahali pake. Ndani ya tangi la maabara lenye maji safi, samaki anaweza kufa huku oksijeni ipo. Bwawani Morogoro au Kisumu, lenye matope, mwani na kinyesi, hatafika huko. Oksijeni itamwishia mapema.

Mbona samaki wangu hufa alfajiri, wakati maji ni ya baridi kuliko mchana?

Kwa sababu mchana mwani unatengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua, na usiku mwani huo huo unaitumia pamoja na samaki na bakteria wa matopeni. Kiwango huwa chini kabisa karibu na mapambazuko. Mchana wa joto ndio uliokopa, alfajiri ndiyo inayolipa. Kukiwa na mawingu mazito siku mbili tatu mfululizo hali huwa mbaya zaidi, kwani hata mchana oksijeni haikuzalishwa ya kutosha.

Na vifo vya ghafla kwenye vizimba vya Ziwa Victoria?

Ni jambo tofauti kidogo. Miezi ya joto na utulivu, maji ya juu hupata joto na kuwa mepesi, yakakaa juu ya maji mazito ya chini bila kuchanganyika. Huko chini, vitu vinavyooza humaliza oksijeni. Upepo mkali au dhoruba ikija, maji hayo ya chini huinuliwa na kusukumwa hadi ufukweni. Sangara, anayehitaji oksijeni nyingi, ndiye hufa wa kwanza. Sato huvumilia zaidi, lakini sato aliyefungiwa kwenye kizimba kilichojaa wenzake hawezi kuogelea kuyakimbia maji mabaya. Mwishoni mwa 2022 wafugaji wa vizimba upande wa Kisumu walipata hasara kubwa kwa njia hii. Kambale angeweza kunusurika, kwa kuwa juu ya matamvua ana kiungo chenye matawi anachotumia kuvuta hewa moja kwa moja.

Ziwa Tanganyika lina shida ya kinyume, na wanafunzi hulichanganya mara nyingi na Victoria. Tanganyika ni refu kwenda chini mno. Ukishuka mita 100 hadi 200 oksijeni imekwisha, lakini huko chini ndiko virutubisho viliko. Ziwa linapopata joto, maji ya juu yanazidi kuwa magumu kuchanganyika na ya chini, virutubisho havipandi, mwani unapungua, na dagaa wanaovuliwa Kigoma, au ndagala wa Bujumbura na Uvira, wanakosa chakula. Hapo joto halijamgusa dagaa mwilini hata kidogo, limemgusa sahanini.

Baridi je? Sato wa Njombe wana shida gani?

Hawakui, basi. Sato hustawi kwenye maji ya nyuzi 27 hadi 30 hivi. Chini ya nyuzi 20 hamu ya kula hupungua sana na kuzaa husimama, na karibu nyuzi 10 au 11 hufa. Nyanda za juu, mwezi Juni na Julai, samaki hao wanaweza kukaa wiki nyingi bila faida yoyote kwa mfugaji anayeendelea kuwatupia chakula. Chakula hicho huzama, huoza, na kuwasubiri msimu wa joto.

Baridi pia hulegeza kinga. Utengenezaji wa kingamwili hupungua kasi, wakati baadhi ya kuvu wa majini hawasumbuliwi na baridi hiyo hata chembe, ndiyo maana ule ukungu mweupe wa nyuzinyuzi kwenye ngozi na mapezi huonekana zaidi msimu wa baridi, hasa kwa samaki waliochubuliwa na nyavu.

Kwa kulinganisha, trauti walioletwa na Waingereza kwenye mito ya Mlima Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 wanaishi kinyume chake: maji yakipita nyuzi 20 wanaanza kuhangaika, na yakikaribia 25 maisha yao yako hatarini. Ukanda mmoja, samaki wawili, na maji ya ndoo moja hayawezi kuwafaa wote. Ukiambiwa kuna aina moja ya samaki inayofaa kila mahali, muulize anayekuuzia maji yake yana nyuzi ngapi mwezi wa Julai.

Kuna wanyama wa damu baridi wanaoishi kwenye barafu?

Wapo, na wanafundisha mengi. Bahari ya Antaktiki hushuka hadi nyuzi 1.9 chini ya sifuri bila kuganda, kwa ajili ya chumvi. Damu ya samaki wa kawaida, yenye chumvi chache kuliko bahari, ingeganda hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani Arthur DeVries aligundua kwamba samaki wa huko wana protini zenye sukari zinazojishika kwenye chembe ndogo za barafu na kuzizuia zisikue. Baadhi ya samaki hao wa baridi hufa maji yakifika nyuzi 6 tu, joto ambalo mtu wa pwani angeliita la kwenye jokofu.

Huko huko kuna samaki wenye damu isiyo na rangi, kwa sababu hawana hemoglobini hata kidogo. Mnorwe Johan Ruud aliwaeleza kisayansi mwaka 1954. Wanaishi bila hemoglobini kwa kuwa maji yale baridi yamejaa oksijeni na miili yao inadai kidogo. Ni ile ile hesabu ya bwawa la sato, imegeuzwa.

Chura wa misitu ya Amerika Kaskazini yeye huganda kweli. Hadi kama theluthi mbili ya maji ya mwilini mwake hugeuka barafu, moyo unasimama, na ini humwaga sukari nyingi kwenye damu ili seli zenyewe zisigande ndani. Majira yakibadilika anayeyuka na kwenda zake.

Mnyama anaweza kuzoea joto?

Kwa kiasi. Akipewa siku au majuma, hubadili mafuta ya tando, huongeza vimeng'enya fulani, moyo hujirekebisha. Lakini mazoea hayo husogeza kikomo cha chini kwa urahisi zaidi kuliko kikomo cha juu. Huku juu nafasi ni finyu.

Mfano wa kupita kiasi uko kwetu: perege wa Ziwa Magadi, Kenya. Anaishi kwenye maji ya chemchemi yenye pH inayokaribia 10 na joto linaloweza kupita nyuzi 40. Samaki wengine hutoa taka ya naitrojeni kama amonia kupitia matamvua. Kwenye maji ya magadi njia hiyo imezibwa, naye anatoa urea, kama wewe. Usiku oksijeni inapoisha huja juu kumeza hewa na kuitumia kupitia kibofu chake cha hewa. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2016 vilionyesha kuwa hupoteza uwezo wa kusimama sawa majini joto linapofika karibu nyuzi 45.6, kiwango cha juu kuliko samaki yeyote aliyewahi kupimwa wakati huo, na kwamba umetaboli wake unalingana na wa mamalia wadogo. Lakini uwezo huo umejengwa na vizazi vingi sana. Usimtarajie sato wa bwawani kuupata kwa msimu mmoja.

Mwaka 1967 Mmarekani Daniel Janzen alitoa wazo ambalo bado linajadiliwa: mnyama wa tropiki, aliyezoea joto lisilobadilika sana mwaka mzima, huona mlima kuwa kizuizi kikubwa kuliko mwenzake wa nchi za majira manne. Chura wa msitu wa Usambara ya juu hahitaji mita nyingi za kushuka kabla hajajikuta kwenye hali asiyoiweza. Ndiyo maana watafiti wengi wanahofia wanyama wa damu baridi wa tropiki kuliko wa kaskazini, ingawa ongezeko la joto ni kubwa zaidi kaskazini: wa huku tayari wanaishi karibu na ukomo wao.

Ni kweli joto huamua mtoto wa kasa atakuwa dume au jike?

Kweli. Kasa hana kromosomu za jinsia zinazoamua. Joto la mchanga katikati ya kipindi cha kuatamia ndilo linaloamua. Karibu nyuzi 29 huzaliwa mchanganyiko, chini ya hapo madume huwa wengi, juu yake majike. Utafiti uliochapishwa 2018 kuhusu kasa wa kijani wa kaskazini mwa miamba mikubwa ya matumbawe ya Australia ulikuta zaidi ya asilimia 99 ya wachanga kutoka fukwe hizo ni majike. Wanaohamisha mayai yanayotishiwa na mawimbi kwenye fukwe zetu wanapaswa kulijua hili: kiota kilichohamishiwa juani au chini ya mti si suala la usalama peke yake.

Mamba wa Nile ana utaratibu mwingine. Joto la chini huleta majike, la kati, nyuzi 32 hadi 34 hivi, huleta madume, na likizidi huleta tena majike.

Wanyama hawa hupata homa?

Hupata, ila hujitafutia wenyewe. Katika miaka ya 1970 Matthew Kluger na wenzake huko Marekani waliwaambukiza bakteria mijusi wa jangwani. Mijusi hao walihamia sehemu yenye joto zaidi kuliko kawaida yao, na waliowekwa kwenye nyuzi 42 walipona kwa wingi kuliko waliozuiwa kwenye joto la chini. Samaki nao hufanya hivyo wakipata nafasi. Hivyo samaki wagonjwa wakijikusanya upande wa bwawa wenye maji moto, huenda wanajitibu. Tafuta ugonjwa kwanza.

Kinyonga huwindaje asubuhi ya baridi?

Kwa ulimi. Misuli huivuta tishu nyumbufu iliyo ndani ya ulimi, kisha huiachia ghafla, na mruko huo hautegemei sana kasi ya misuli. Vipimo vya mwaka 2010 kwa kinyonga wa asili ya Yemen na Saudia vilionyesha kuwa kwa nyuzi 15 ulimi bado unaruka karibu kwa kasi ile ile. Kuurudisha ndiko kunakochelewa, maana huko misuli inafanya kazi yenyewe.

Dunia ikipata joto, mbu wa malaria wataongezeka kila mahali?

Hapana, si kila mahali. Kimelea cha malaria kali hukua ndani ya mbu kwa kasi inayotegemea joto la mwili wa mbu huyo. Kwa nyuzi 25 huchukua siku 12 hivi kuwa tayari kuambukiza. Kwa nyuzi 20 huchukua karibu wiki 4, na mbu wengi watakuwa wameshakufa. Ndiyo maana Lushoto na Kericho zilikuwa na malaria chache kuliko mabonde yanayozizunguka, na ndiyo maana nyuzi moja au mbili huko juu zina uzito. Lakini maambukizi huwa rahisi zaidi karibu nyuzi 25 na hupungua joto likipita 28 na kuendelea, kwa kuwa mbu mwenyewe anaumia. Katika bonde la Zambezi nchini Zimbabwe, mbung'o wamepungua sana tangu miaka ya 1990 huku joto likipanda. Joto halina upande wala huruma, linapunguza wadudu mahali pamoja na kuwafungulia njia pengine.

Kamongo huwezaje kukaa kwenye tope lililokauka?

Huchimba, hujikunja, hutoa ute unaokauka kuwa kifuko chenye tundu la kupumulia, kisha hushusha umetaboli. Anapumua kwa mapafu. Amonia angejitilia sumu nayo humo ndani, kwa hiyo huigeuza urea na kuihifadhi mwilini hadi mvua inyeshe. Nguvu anaipata kwa kula misuli yake mwenyewe polepole.

Matumbawe yanahusikaje?

Matumbawe ni wanyama, tena wa damu baridi. Ndani yao huishi mwani wadogo wanaowalisha. Bahari ikipita kiwango cha juu cha kawaida yake kwa nyuzi 1 tu na kukaa hivyo majuma kadhaa, mwani hao huanza kutoa kemikali zinazochoma seli, na tumbawe huwatema. Hubaki jeupe, lina njaa. Mwaka 1998, wakati wa El Niño, sehemu kubwa za matumbawe kuanzia Kenya hadi Mafia na Shelisheli zilikufa namna hiyo.

Dalili gani nizitazame bwawani kabla ya vifo?

Chakula kwanza. Samaki aliyeacha kula wakati maji ni ya joto la kawaida anakuambia jambo siku moja au mbili kabla ya kufa. Pili, vinywa juu ya maji alfajiri. Tatu, kasi ya kufunguka kwa vifuniko vya matamvua, na samaki kukusanyika kwenye bomba la maji mapya. Ukiona hayo, acha kulisha siku hiyo, ongeza maji mapya au yarushe hewani, na punguza idadi. Kulisha ili "wapate nguvu" ni kosa, kwani umeng'enyaji wenyewe unadai oksijeni. Usimwage mbolea. Bwawa lenye kina cha mita moja na zaidi huhifadhi sehemu ya chini yenye nafuu. Lenye kina cha magoti hupikwa.

Joto kali pia huwapa nafasi bakteria wa jamii ya streptokokasi, ambao kwa sato huleta macho yaliyotoka nje na kuogelea kwa kuzunguka. Hapo kuongeza hewa peke yake hakutoshi, mwite mtaalamu wa mifugo au uvuvi wa wilaya.

Vifaranga vya samaki visafirishwe asubuhi, bila kulishwa siku iliyotangulia. Mfuko uelee bwawani dakika 15 hadi 30 kabla ya kufunguliwa, kisha maji ya bwawa yaingizwe kidogo kidogo. Wengi huruka hatua hii kwa sababu vifaranga huonekana wazima wakimwagwa. Vifo huja siku ya tatu, na lawama humwangukia aliyeviuza.

Nimekuta mjusi au kobe amekakamaa kwa baridi. Nimwekee maji ya moto?

Usifanye hivyo. Ngozi na misuli ya nje itapata joto na kuanza kudai oksijeni wakati moyo ulio ndani bado umepoa na haujaweza kuipeleka. Ngozi yenyewe huweza kuungua bila mnyama kujivuta. Mweke mahali pakavu penye joto la kawaida la chumba, au penye jua la asubuhi na kivuli kando yake, umwache achague. Mwezi Januari 2020 idara ya hali ya hewa ya Miami ilitahadharisha watu kuhusu maiguana kudondoka kutoka mitini kwa baridi. Wengi wa namna hiyo huamka wenyewe jua likipanda. Waliowaokota na kuwaweka ndani ya gari lenye joto ndio waliopata tabu, maana iguana huzinduka na kucha zake zote. Kwa nyoka, usijaribu kabisa.